Nambari Kumi na Nne

Kazi yangu ni kupiga picha karatasi za marehemu. Nimeifanya miaka kumi na tisa katika hifadhi ndogo ya nyaraka, ghorofa ya chini ya jengo moja nyuma ya King's Cross, na nimeifanya bila ya kuwapenda watu sana. Karatasi nazipenda. Karatasi haiingii na chai kwenye chumba cha kusomea, haitafuni peremende, haikuambii ina haraka kwa sababu treni yake ni ya saa kumi. Watu wanafanya yote hayo, kisha wanashangaa ukiwakunjia uso.

Mkubwa wangu wa kazi, Poonam, Mhindi wa Kisumu aliyekuja hapa akiwa msichana, hunisema kwa Kiswahili mbele ya wageni ili wasielewe. "Talib, cheka kidogo, bwana. Hii si mortuary." Mimi humjibu kwamba tofauti ni ndogo.

Katika mkusanyo wetu zimo filamu zenye picha za madaftari fulani ambayo nitayaeleza mara moja tu, kwa sababu bila ya hayo hadithi yangu haisimami. Katika karne ya kumi na tisa, serikali ya mkoa mmoja wa kusini mwa Ujerumani ilipanga Wayahudi wangapi wana haki ya kukaa katika kila kijiji, ikawapa nambari. Kijiji chenye nafasi ishirini na tatu kilikuwa na familia ishirini na tatu, basi. Mwenye nambari ndiye aliyeruhusiwa kuoa, kufungua duka, kuishi pale alipozaliwa. Akifa, kwa kawaida nambari humwendea mwanawe mkubwa. Wadogo wangoje mtu afe, au wahame, au wazeeke bila ya kuoa. Njia ya mkato ilikuwa moja, nayo ni mjane. Mjane aliweza kubaki na nambari ya marehemu, na akiolewa tena, mume mpya akaingia katika nambari ileile. Kijana asiye na nambari alikuwa akimtazama mjane wa jirani kwa macho mengine kabisa.

Poonam aliponieleza hayo mara ya kwanza nilicheka, na yeye akafurahi kwamba hatimaye nimecheka. Hakujua nacheka nini. Nilikuwa nikidhani ndoa za makaratasi tumezianzisha sisi, London hii.

Irene alikuja Jumanne moja ya Januari. Alikuwa na miaka themanini na moja, amekuja kwa basi kutoka Kilburn, na katika mkoba wake mlikuwa na penseli mbili zilizochongwa na daftari. Hakuna kalamu ya wino, hakuna chupa ya maji, hakuna biskuti. Nikampenda hapohapo, ingawa sikumwonyesha. Alisomesha Kijerumani katika shule ya sekondari miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayengoja darasa linyamaze.

"Namtafuta Salomon," aliniambia kwa Kiingereza. "Baba wa babu yake mama yangu. Kwetu wanasema alioa nambari."

"Wanasema nini?"

"Kwamba alimwoa mjane aliyemzidi miaka kumi na mitatu, Hanna, ili apate pa kukaa. Kila sherehe, mjomba mmoja lazima aliseme hilo, na meza nzima icheke. Mimi sikuwahi kucheka, Bwana Talib. Yule mjane ndiye bibi yetu sote. Nataka kujua kama ilikuwa hivyo tu, au kulikuwa na jengine."

Nilimwambia daftari haliandiki mambo ya moyoni. Akasema anajua, lakini tutazame.

Faharasa haikuwa na Salomon. Faharasa ile ilitengenezwa zamani na watu wa kujitolea, na wale walifanya kosa ambalo watu wa nyaraka peke yao ndio wanaoweza kulifanya: jina lililokatwa kwa mstari waliliona ni jina lililofutwa, wakaliruka. Kumbe katika daftari kama lile, jina lililokatwa ni mtu aliyekuwepo. Ndiye hasa uliyemjia. Basi nikaiweka filamu kwenye mashine, nikaizungusha kwa mkono, nambari moja moja. Mwandiko wa kale wa Kijerumani haunisumbui. Nimekulia Pemba nikimsomea shangazi yangu barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, bila ya nukta, na mwandishi na haraka zake. Macho yangu yalishazoea taabu.

Kwenye nambari kumi na nne palikuwa na weusi mtupu. Jina juu ya jina, mstari juu ya mstari, na pembeni mkia wa herufi moja ambao ungeweza kuwa wa Salomon au wa mtu yeyote.

"Filamu hii ni nyeusi na nyeupe," nilimweleza Irene. "Huenda karani wa kwanza aliandika kwa wino wa kahawia, na aliyekata alikata kwa wino mweusi. Hapa yote yamekuwa meusi. Tuwaombe wenyewe kule mkoani wapige daftari picha upya, kwa rangi. Watachukua muda."

"Muda gani?"

"Wanavyopenda."

"Nina miaka themanini na moja," alisema, lakini alikuwa akitabasamu. Poonam akatia saini ombi, likaenda.

Sasa niseme yangu, maana nimeshayagusa.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, viza yangu ya masomo imekwisha, na nilikuwa nikiosha vyombo Peckham huku nikijificha hata na kivuli changu. Pale Peckham alikuwepo Sufian, fundi magari, mtu wa kwetu Wete, na Sufian alikuwa na dada. Mwanabaraka alikuwa ameachwa na mumewe wa kwanza, anafanya kazi katika nyumba ya wazee, ana pasipoti nyekundu ya Uingereza na nyumba ya kaunsili, ya kupanga kwa serikali ya mtaa, Stratford, chumba kimoja na sebule. Alikuwa na miaka arubaini. Sufian alimwambia, "Huyu kijana ni mtu wa watu. Msitiri." Makubaliano yalikuwa miaka miwili, kisha talaka, kila mtu na njia yake.

Mei tukaandikishwa kwa msajili wa ndoa, maua ya plastiki mezani. Na kwa kuwa maofisa wa uhamiaji wakati mwingine hubisha hodi, na mwanamke wa Kiislamu hakai nyumba moja na mwanamme wa kando, Jumapili iliyofuata tukafungishwa nikaha sebuleni kwa Sufian, mashahidi wawili, sambusa za dukani. Hakuna posa, hakuna shangazi, hakuna kigelegele. Dakika kumi na tano. Kisha tukapanda treni kurudi Stratford, mimi na begi langu, na kwa sababu alikuwa amenizidi umri na amenifanyia ihsani, nilimwita Bi Mwana.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililishika siku ya kwanza: nikapika, nikafagia, nikabeba mzigo wa nguo mpaka dobi. Nililala kwenye kochi mwaka mmoja na miezi minane, mpaka Januari ile ambayo boila ya kupasha nyumba joto ilikufa siku tisa na fundi wa kaunsili hakuja. Siku ya tano Bi Mwana alisema kochi litaniua. Fundi alipokuja, sikurudi kwenye kochi, na yeye hakuniambia nirudi. Hatukulizungumza. Miaka miwili ikatimia, nikapata karatasi zangu, hatukulizungumza. Mitano, kumi, ishirini. Watoto hawakuja, umri ulishatupita. Kila mwaka ikifika Mei nilikuwa nikingoja aniambie, "Talib, mkataba umekwisha," na Mei ikipita nashukuru Mungu kimyakimya.

Nampenda. Niliseme hapa waziwazi, kwa sababu katika miaka ishirini na mitano sikuwahi kulisema penginepo. Nampenda anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito, nampenda anavyowabishia watabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni. Lakini mtu aliyeingia nyumbani kwa mlango wa shida haoni uso wa kusema hayo. Utamwambiaje mwanamke unampenda, na yeye anajua ulikuja kwa ajili ya muhuri?

Februari, mwezi mmoja baada ya Irene kuja, Bi Mwana alistaafu. Siku ya pili yake nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi mezani, miwani puani, mbele yake fomu.

Alikohoa. "Talib, kaa kwanza. N'shazungumza na housing officer wa kaunsili."

"Kuhusu nini, Bi Mwana?"

"Flat. Jina langu linatoka, lako linabaki. Wewe sign hapa na hapa, basi. Nikishaondoka usije ukasumbuliwa."

Nilijua kwamba anajenga Wete, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake. Nilimwona akizungumza na mafundi kwa simu, nikamsaidia kuchagua rangi ya madirisha. Sikujua kwamba nyumba imekwisha. Au nilijua, nikajitia hamnazo.

"Unaondoka lini?"

"Tarehe thelathini mwezi wa tano. Faridah wa duka la tiketi kashanikatia."

"Moja?"

Alivua miwani akanitazama. "Mimi ni mmoja, Talib."

Halafu akainuka akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. "Ulikuja ukitafuta pa kukaa," alisema, bila ya hasira yoyote. "Sasa unapo. Mie roho yangu imetulia."

Nikasema ahsante. Mtu anakuambia anakuacha, wewe unasema ahsante! Nilijitukana njia nzima siku iliyofuata, kutoka Stratford mpaka King's Cross, na nikamkaripia mgeni mmoja kwa kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, ingawa huyo alistahiki.

Fomu ikakaa chini ya bakuli la matunda. Kila baada ya siku chache Bi Mwana aliuliza.

"Ushasign?"

"Natafuta kalamu."

"Nyumba hii ina kalamu arubaini."

"Natafuta nzuri."

Machi ikapita hivyo. Sikusaini na sikusema. Nikamwona anakunja mashuka, anagawa sufuria, anaandika majina ya majirani kwenye vikaratasi na kuvibandika juu ya vitu: kabati la Chaman wa chini, cherehani ya Gurpreet. Nilikuwa nikitazama kama kuna kikaratasi chenye jina langu. Kilikuwepo. Alikibandika kwenye mlango wa nyumba, kwa ndani, akidhani inachekesha.

Katikati ya Aprili mkoa ukajibu. Bibi mmoja wa hifadhi yao alituma picha ya ukurasa kwa rangi, nzuri, imepigwa kwa mwanga wa ubavuni kama ninavyopenda. Nikaifungua kwenye skrini, Irene kakaa ubavuni kwangu, penseli mkononi.

Nambari kumi na nne ilifunguka. Chini kabisa, kwa wino wa kahawia, mume wa kwanza, amekatwa, na msalaba mdogo wa karani kuonyesha amekufa. Juu yake, Hanna, mjane. Juu yake, kwa mwandiko mwengine, mwaka 1840, Salomon, kwa njia ya ndoa. Na Salomon naye amekatwa, kwa wino mweusi, mwaka 1853. Lakini kwake hakukuwa na msalaba.

"Hakufa," nilisema. "Mfu wanamwekea msalaba. Huyu ameondolewa, au ameondoka."

Irene alikuwa amekwisha kuona kitu pembeni. "Hapa pameandikwa, tazama jalada, na nambari ya jalada."

Yule bibi wa mkoani, Mungu amzidishie, alikuwa ameliona pia. Alikwenda ghalani, akalitafuta jalada lenyewe, akapiga picha kurasa zake nne, akaziambatanisha bila ya kuombwa. Kazi kama hiyo anaifanya mtu mwenye moyo tu. Kurasa zile zilikuwa maelezo yaliyochukuliwa ofisini: Salomon, mwenye nambari kumi na nne, amekuja mwenyewe kuirudisha.

Irene alisoma kwa Kijerumani, taratibu, kisha akanitafsiria mstari baada ya mstari. Hanna alikuwa na mtoto wa kiume kwa mumewe wa kwanza. Kwa kuwa nambari ya baba ilimwendea Salomon, mtoto yule hakuwa na pa kukaa, akaenda zake London. Sasa mama yake, mwenye miaka arubaini na tisa, anataka kumfuata. Ofisa alimwuliza Salomon kama anaelewa kwamba mwanamke angeweza kusafiri peke yake, na yeye abaki na nambari. Alijibu kwamba anaelewa. Akaulizwa kama anaelewa kwamba nambari ikisharudishwa haipewi tena, si hapo wala katika kijiji chochote cha mkoa. Alijibu kwamba anaelewa. Akaulizwa sababu.

Irene alisimama hapo. Aliondoa miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Karani ameandika hivi," alisema. "Mhusika anaeleza kwamba hana shughuli na nambari hiyo ikiwa mkewe hayupo."

"Basi?"

"Basi. Kisha saini."

Saini ya Salomon ilikuwa mbaya, ya mtu asiyeandika mara kwa mara, na nilijikuta nimeikodolea macho mpaka ikaanza kuyumba. Mtu huyu alioa kwa ajili ya mahali. Dunia nzima ilijua, mpaka vitukuu wake wakamcheka mezani. Na siku mahali na mke vilipoachana, yeye alikwenda ofisini kwa miguu yake akarudisha mahali.

Irene alilia kidogo, kilio cha furaha, akatoa leso. Halafu akanitazama. "Na wewe una nini?"

Sina mazoea ya kuwaambia wasomaji wa hifadhi mambo yangu. Lakini nilimwambia. "Mimi pia nilioa nambari," nilisema. "Miaka ishirini na mitano. Sasa anaondoka, ananiachia nambari."

"Na anajua kwamba wewe hukubaki kwa ajili ya nambari?"

"Ananiona kila siku."

"Sikuuliza anaona nini," alisema Irene, kwa sauti ile ya darasani. "Nimeuliza kama anajua."

Nilimchapishia kurasa zake nne, nikazitia kwenye bahasha ngumu, nikamsindikiza mpaka kituo cha basi, jambo ambalo sijamfanyia msomaji yeyote.

Niliporudi nilimwendea Poonam nikamwomba karatasi moja ya hifadhi, ile isiyo na asidi, ambayo wataalamu wanasema hudumu miaka mia tano.

"Ya nini?"

"Barua."

"Ya kuacha kazi?" alitania.

"Hiyo nitakuandikia kwenye karatasi ya kawaida."

Aliacha kucheka. Akafungua kabati, akanipa karatasi mbili. "Moja ukiharibu," alisema.

Kwetu, mwanamme akimtaka mwanamke hamwendei mwenyewe. Anaandika barua ya posa, inafungwa kwenye leso safi, inapelekwa kwa walii wake, na wao wanakaa nayo, wanaulizana, wanajibu wanapotaka. Mimi niliruka yote hayo. Nilioa kama mtu anayekimbilia basi. Katika kupiga picha kwangu karatasi laki na zaidi za ndoa na vifo vya watu wa nchi nyingine, karatasi moja niliyopaswa kuiandika mimi sikuiandika. Sikuwahi hata kufikiri kwamba kuna mtu anaingojea.

Niliiandika kwa penseli, kwa kuwa mkono wangu umesahau kalamu. Nilianza kwa salamu, kama inavyotakiwa. Nikaandika kwamba mimi Talib, wa Wete, sasa wa Stratford, nisiye na baba wala ami wa kunisemea, naleta posa kwa Bwana Sufian kumtaka dada yake Mwanabaraka. Nikaandika kwamba nyumba ya Stratford siitaki na kazi naiacha, na akikubali nitamfuata Wete, na asipokubali pia nimeshairudisha nyumba, kwa sababu sina shughuli nayo ikiwa yeye hayumo. Maneno hayo si yangu. Nimeyaazima, na mwenyewe hatojali. Ile fomu ya kaunsili nayo niliichukua chini ya bakuli. Sikuichana, mimi sijawahi kuchana karatasi maishani mwangu. Nilipiga mstari mmoja juu ya nafasi ya jina langu, mwembamba, ili atakayekuja baadaye aweze kusoma, nikaiambatanisha.

Jumamosi nilipanda treni, nikabadilisha Canada Water, nikashuka Peckham Rye na leso yangu mfukoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nilijiambia. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, nakwenda kumposa mke wangu.

Sufian siku hizi amezeeka, magoti yamemwishia, na anachotaka Jumamosi ni mpira na utulivu. Alinifungulia, akatazama mikono yangu.

"Leo huna biskuti?"

"Leo nina barua, shemegi."

Alidhani ni ya hospitali. Alifungua leso kwa wasiwasi, akavaa miwani, akaanza kusoma. Aliposoma mistari mitatu aliinua rimoti akazima televisheni, na mechi ilikuwa inaendelea. Akasoma mpaka mwisho, akageuza karatasi kutazama kama nyuma pana kitu, akairudia tena toka mwanzo. Nilingojea acheke. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo.

"Ile Jumapili ya nikaha," alisema mwishowe, "mlipokwishatoka, Mwana alirudi ndani. Unakumbuka? Kasahau mkoba."

"Nakumbuka. Nilimngoja nje."

"Hakusahau mkoba. Kaniambia, 'Kaka, huyu akija kuniposa, usimkatalie.' Mie nikamwambia, we mwanamke una wazimu, si kashakuoa sasa hivi hapa, sambusa bado za moto? Akasema, 'Kaoa karatasi. Mie sijaposwa. Siku akija, usimkatalie.'"

Nikakaa chini bila ya kukaribishwa.

"Miaka ishirini na mitano, Talib," alisema Sufian, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kila Idi, kila ukigonga mlango huu, mie nasema moyoni, leo ndiyo leo. Na wewe kila siku unanletea biskuti. Mwisho nikasema, huyu hamtaki dada yangu. Na yeye keshasema hivohivo, ndo maana kakata tiketi moja."

Nililia kwenye kochi la shemegi yangu, machozi ya mtu mzima, mabaya kuyatazama. Sufian aliikunja barua katika mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye leso.

"Sasa nenda kwako," alisema. "Posa haijibiwi siku hiyohiyo. Nitazungumza na mwenyewe."

Siku zilizofuata sitazisahau. Bi Mwana alipigiwa simu siku hiyohiyo. Niliporudi nilimkuta chumbani, mlango umefungwa. Alipotoka alipakua chakula, tukala, akaniuliza kama samaki amekolea chumvi. Nikasema amekolea. Jumapili hivyo, Jumatatu hivyo. Mtu umemposa, na mtu huyohuyo anakuambia utoe taka. Jumatatu alasiri nilimwona kaketi jikoni anaandika, mkono kauzungushia karatasi kama mwanafunzi anayeogopa kuigiliziwa. Kisha alivaa buibui akatoka, na nilijua anakwenda kuitia posta, iende Peckham.

Jumatano Sufian alikuja, na magoti yake yale, treni mbili, amevaa kanzu na koti juu yake. Barua iliyoandikwa jikoni kwangu ilikuwa imevuka London yote na kurudi. Bi Mwana alipomsikia alikwenda jikoni akafungua bomba la maji kwa nguvu, kama kwamba hayamhusu.

Sufian alinipa bahasha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mistari mitatu kwa mwandiko wake ninaoujua kutoka kwenye orodha za sokoni. Posa imepokewa na imekubaliwa. Faridah ameshika kiti cha pili, tarehe ileile. Sharti ni moja: kwamba mwenye kuposa aache kumwita mwenye kuposwa Bi, kwa kuwa yeye si mwalimu wake wala si mama mwenye nyumba wake, na ana jina.

Jikoni maji yalikuwa yamefungwa. Nikaiweka barua mezani, mbali na bakuli la matunda ili isilowe.

"Mwanabaraka," niliita.

"Bee," akaitikia.